Wali umebaki usiku? Usiwape kuku: wali mtamu wa tui na korosho, kama tunavyoupika Mtwara

#1 Mleta uzi, Mtwara Mjini

Salaam wakuu, natumai mko wazima.

Leo nina jambo la jikoni. Wengine mtaliona dogo, kwangu si dogo. Nazungumzia wali unaobaki usiku: bakuli moja au mawili ya wali mweupe, mzuri, umebaki kwa sababu watu wameshiba au mgeni aliyetegemewa hakutokea. Nyumba nyingi za huku utaukuta asubuhi unapashwa wa kunywea chai, au unamwagiwa kuku. Mimi naupikia wali mtamu. Unachemka taratibu kwenye tui, unatiwa iliki, sukari na vipande vya korosho, hadi unakuwa laini na mzito, unaliwa kwa kijiko ukiwa bado wa vuguvugu.

Bibi yangu wa Mikindani alikuwa akiupika mtoto akipata homa na kukataa chakula. Nilikua nikijua ni chakula cha wagonjwa, basi. Nilikuja kuuelewa vizuri mama yangu alipofariki. Siku tatu za msiba sikuweza kumeza kitu, kila nikiweka tonge mdomoni koo linakataa. Matanga yalipoanuliwa na watu wakatawanyika, jirani yangu aliingia jioni na bakuli limefunikwa kwa kawa. Hakusema mengi. Akanifunulia, mvuke wa iliki ukapanda, akanipa kijiko. Nikala kimoja. Nikala cha pili. Bakuli likaisha na machozi yananitoka. Nilipomuuliza amepika nini, akaniambia ni ule wali wa jana uliobaki nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo wali ukibaki kwangu siutazami kama mabaki.

Sasa nililokuja kulisema ni hili: wali mtamu hauanzi asubuhi. Unaanza usiku, pale watu wanapoinuka mkekani. Nimelijua hilo kwa maumivu. Miaka ya nyuma niliuacha wali wa nazi ndani ya sufuria usiku kucha, mfuniko juu, mezani. Umeme ulikuwa umekatika, nikajiambia friji yenyewe haipoi, ya nini kusumbuka. Asubuhi nikaunusa, haukuwa umechacha. Nikaupika wali mtamu, ukatokota vizuri kabisa, wanangu wakala. Hazikupita saa 3 mkubwa akaanza kutapika, akafuata mdogo. Tulishinda zahanati siku nzima. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Mama, wali ulilala wapi?"

Nikaelezwa, na baadaye nikasoma zaidi. Mchele unatoka shambani na bakteria aitwaye Bacillus cereus, akiwa katika hali ya spora, yaani kama mbegu ngumu iliyolala. Spora hizo hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida, na joto la pwani mnalijua, spora zinaamka, bakteria wanazaliana na kutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba sumu ya kutapisha haiondoki kwa kuchemsha tena. Ndiyo maana wali wangu ulitokota na bado ukawadhuru watoto. Pua haikunisaidia, moto haukunisaidia.

Kwa hiyo mimi sasa hivi nafanya hivi. Watu wakimaliza kula, wali uliobaki nautandaza kwenye sinia pana ili mvuke utoke upesi, siuachi umerundikana sufuriani. Ukishapoa, na hauchukui muda ukitandazwa, unaingia kwenye bakuli lenye mfuniko, moja kwa moja frijini. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kihifadhiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Kwa wali mimi sifiki hata hizo saa 2, saa 1 inanitosha. Na kesho yake lazima utumike. Sivushi siku ya pili.

Mahitaji: wali uliobaki vikombe 2 vya chai, nazi 1 iliyokomaa, sukari vijiko 4 vya chakula, iliki punje 6, kijiti cha mdalasini, chumvi chembe (kama wali ulikuwa na chumvi, usiongeze), na korosho zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa, nusu kikombe. Nanunua vipande, si korosho nzima. Bei ni nafuu na ladha ni ileile.

Ikune nazi yako kwenye mbuzi. Ukikaribia kifuu acha, usikwangue ule weusi, utatia tui rangi. Tia maji ya vuguvugu kikombe 1, fikicha kwa mkono mpaka uone maji yanakuwa mazito kama maziwa, kamua, weka pembeni. Hilo ni tui zito. Rudisha chicha, tia maji vikombe 3, kamua tena. Hilo ni tui jepesi, na ndilo tunaloanza nalo.

Toa wali frijini, lowesha vidole, vunja mabonge yote mpaka punje ziachane. Hatua hii usiiruke. Bonge likiingia sufuriani linabaki gumu katikati hata upike nusu saa. Tia wali, tui jepesi na mdalasini, bandika moto wa kati. Ukianza kuchemka punguza moto. Baada ya dakika 10 hivi, ponda theluthi ya wali kwa mgongo wa mwiko, ukibonyeza ukutani mwa sufuria. Koroga kila mara ukikwangua chini, usishike. Dakika 20 mpaka 25 utaona punje zimevimba na tui limenyweka. Hapo ndipo sukari inaingia, pamoja na iliki uliyoitwanga muda huohuo.

Mwisho kabisa, tui zito. Likishaingia, moto uwe mdogo sana, na usiondoke jikoni. Likitokota kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu na wali unakuwa na chengachenga. Pitisha mwiko chini ya sufuria: ukiuona mstari unakaa kidogo kisha unajifunga wenyewe, epua. Usingoje ukauke, utakaza zaidi ukipoa. Korosho zinamwagwa juu wakati wa kupakua ili zibaki na mlio wake.

Karibuni mnaojua namna nyingine.

#2 Mdau, Lindi Mjini

Dada yangu pole kwa mama, na ahsante kwa uzi. Umenirudisha mbali sana. Ila hii si ndiyo mashendea? Nyumbani tulipewa mashendea tukiumwa, na yalikuwa hayana sukari nyingi.

#3 Mleta uzi

Ahsante sana. Ni ndugu, ila si kitu kimoja. Mashendea unaanza na mchele mbichi na maji mengi, punje zinapasuka zenyewe na kutoa ute wote sufuriani. Wali uliolala frijini umeshapoteza nafasi hiyo. Ukipoa, wanga wake unajipanga upya na kukaza, ndiyo sababu wali wa jana ni mgumu na unavunjikavunjika. Ukiupa majimaji na moto wa polepole unalegea tena, lakini hautoi ute kama mchele mbichi. Ndiyo maana nasema theluthi iponde. Ukiacha kuponda utapata wali unaoogelea kwenye tui, punje kando, tui kando.

Hata sukari kuingia mwisho ni kwa sababu hiyohiyo. Ukiitia mapema inanyang'anyana maji na punje, punje zinabaki na kiini.

#4 Mdau, Newala

Mleta uzi umeandika vizuri ila wengi wetu huku juu hatuna friji. Na maji ya kuoshea sufuria mara mbili mbili nayo ni hesabu. Sisi tufanyeje?

#5 Mleta uzi

Swali lako nimelipenda, na pengine ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Kama huna friji, upike usiku uleule. Wali ukibaki, usiufunike ukalala. Moto wa mkaa ungali upo, mimina tui jepesi kwenye sufuria hiyohiyo uliyopikia wali, ule ukoko uliokaza chini unalegea na kuingia ndani, unatia ladha ya moshi kidogo tamu sana. Sufuria ni moja na maji ya kuoshea ni yale yale. Watoto wakimaliza kula, nusu saa baadaye wanapata kijiko kijiko kabla ya kulala. Kisiachwe cha asubuhi. Bibi yangu hakuwahi kuwa na friji, na nikikumbuka sasa, wali mtamu wake siku zote tuliula usiku, kibatari kimewashwa. Nilikuwa nadhani ni desturi tu. Kumbe alikuwa na sababu zake.

Na usiku ambao nguvu za kupika mara ya pili hazipo, afadhali kupima mchele pungufu.

#6 Mdau, Tandahimba

Nimesoma nikaona korosho zimewekwa mwisho kama pambo, ikabidi nijibu. Sisi tunazifanya ziwe tui lenyewe.

Chukua korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa, kikombe 1, loweka kwenye maji saa 3 au 4. Zikishakuwa laini zitwange kwenye kinu au zisage kwenye blenda kwa maji vikombe 2 mpaka zisiwe na chenga. Huna haja ya kuchuja kama umesaga vizuri. Tui hilo la korosho lina uzito wa ajabu na halikatiki kirahisi kama la nazi, kwa hiyo asiyezoea moto akianza na hili hatapata shida. Mimi nachanganya: tui jepesi la nazi mwanzo, korosho mwisho. Watu wananiuliza nimetia maziwa gani.

Kwa walioko mbali naomba mzingatie. Nunueni zilizokwisha banguliwa. Msije mkachukua korosho ghafi za ganda mkajaribu kuzivunja nyumbani. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, mama zetu wanaobangua wanapaka mikono mafuta au majivu na bado vidole vyao unaviona vilivyo. Nikila korosho mimi vidole hivyo navikumbuka.

Msimu ukifunguliwa kuanzia Oktoba, minada ikianza, nyumba nyingi huku zinakuwa na kibakuli cha vipande. Ndio wakati wa kupika hiki kitu.

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tandahimba, nimejifunza. Wikiendi hii najaribu na nitaleta majibu.

#8 Mdau, Masasi

Wali uliobaki ukiwa pilau je? Au wali uliokaangiwa vitunguu?

#9 Mleta uzi

Hapana. Huo kaanga na mayai, ule na mchuzi. Vitunguu saumu na sukari havipatani hata ubembeleze vipi. Wali wa nazi wenye chumvi ya wastani unafaa sana. Wali wa maji mtupu unafaa. Basi.

#10 Mdau, Kilwa Masoko

Shikamoo mleta uzi. Kwetu tunaupalia.

Ukishaiva kama ulivyoeleza, acha upoe kidogo, piga mayai 2 na tui zito kikombe kimoja, changanya polepole ili yai lisigande vipandevipande. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, weka moto mdogo chini, funika kwa mfuniko wa bati, panga makaa juu ya mfuniko. Makaa mengi yawe juu, chini yawe machache. Dakika 20 hivi, ukifunua unakuta juu pamekuwa rangi ya kahawia na kuna ngozi nyembamba. Ukikata unakatika kama mkate. Ramadhani tunaufuturia pamoja na tambi, mkate wa kumimina na vitumbua, na mara nyingi ndio unaowahi kuisha mkekani.

#11 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye wali kupoa kwanza kabla ya yai mzingatie wote, ndipo wengi wanapoharibu.

#12 Mdau, Mtwara Vijijini

Samahani mimi niko tofauti. Tumekula viporo tangu tunazaliwa, wali umelala sufuriani, asubuhi tunapasha, tunakwenda shule. Hatukufa. Haya mambo ya bakteria yanatufanya tuogope vyakula vyetu wenyewe.

#13 Mleta uzi

Kaka yangu, sikukatazi kiporo na sina sababu ya kukudharau, nimekikula na mimi. Mara nyingi hakitadhuru. Bakteria wanahitaji muda na joto ili wafikie kiasi cha kumdhuru mtu, na usiku mwingine hawafiki. Lakini jiulize ni mara ngapi tulitapika utotoni tukaambiwa ni "tumbo la maji" au jicho la mtu, na hakuna aliyeuliza wali ulilala wapi. Mtu mzima mwenye afya anatapika mara mbili, kesho anaenda kazini. Mtoto wa mwaka 1 akitapika na kuharisha anaishiwa maji mwilini upesi sana. Mimi nilimbeba wangu macho yameingia ndani na midomo imekauka. Siwezi kuandika namna ya kupika chakula hiki nikaficha sehemu hiyo.

Na chakula chetu sikiogopi. Kukitandaza kwenye sinia ni kukitunza.

#14 Mdau, Mtwara Mjini

Niongeze kitu. Shangazi yangu aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Wenzetu wanacho kinachofanana, wanakiita arroz doce, jina na pishi vilitoka kwa Wareno. Wao wanaanza na mchele mbichi, wanaupika kwa maziwa, sukari na ganda la limau. Wakishapakua kwenye sahani bapa wanachukua mdalasini wa unga kwa vidole viwili na kuuchora juu, mistari ya kukatana au maua. Shangazi akija kwetu anakwangua ganda la limau kwenye wali mtamu wa tui. Ni ile ngozi ya juu tu, ya kijani au njano, si nyeupe yake maana ni chungu, na si maji ya limau maana yatakata tui. Harufu inabadilika kabisa. Jaribuni.

#15 Mdau, Masasi

Mzee wangu ana kisukari na anapenda sana vitu hivi. Nikiweka tende badala ya sukari atakula bila shida?

#16 Mleta uzi

Mpe salamu zangu mzee. Kwa moyo wote nisingependa kukudanganya. Tende nazo ni sukari, na hata ukiondoa utamu wote, wali wenyewe ni wanga na unapandisha sukari ya damu. Tende hazifanyi kiwe chakula huru kwake. Ninachofanya kwa shemeji yangu mwenye hali hiyo, na ni baada ya kuongea na kliniki yake, ni kumpakulia vijiko 3 au 4 kwenye kibakuli kidogo, mdalasini na iliki nyingi, korosho nyingi, sukari sifuri, na siku hiyo anapunguza wali au ugali wa mchana. Uliza kwa wanaomhudumia kwanza. Asikose kabisa kukaa na wenzake mkekani, hilo ndilo linalowaumiza wazee kuliko hata sukari yenyewe.

#17 Mleta uzi

Mrejesho kwa mdau wa Tandahimba. Jumamosi nimejaribu tui la korosho. Nililoweka saa 4, nikasaga. Ni kweli lina uzito, tena lilishika kuliko nilivyotegemea, ikabidi niongeze maji nusu kikombe. Safari ijayo nitatumia korosho robo tatu ya kikombe. Sukari nayo nilipunguza kijiko kimoja kwa sababu korosho zina utamu wake. Watoto wamepiga kura, nazi imeshinda. Mimi na mume wangu tumechagua korosho.

#18 Mdau, Dar es Salaam

Mimi ni mtu wa Lindi, niko huku kikazi, mwaka wa 4 huu. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Wiki iliyopita mambo yalikuwa mazito, nilirudi nyumbani usiku sina hamu ya kitu, na frijini kulikuwa na wali wa jana, nimeuweka mapema kama ulivyoelekeza. Nazi sikuwa nayo, muuza duka wa chini alikuwa na tui la pakiti. Nikasema hata hilo.

Nimesimama na mwiko dakika 20, nikipitisha chini ya sufuria kungoja ule mstari. Ulipojifunga nikaepua. Nimekula nimekaa chini jikoni, mgongo ukutani, kwenye sufuria yenyewe. Kisha nikampigia mama Lindi, ilikuwa imeshapita saa 4 usiku, akashtuka akadhani kuna tatizo. Nikamwambia nimepika wali mtamu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimetia iliki.

#19 Mleta uzi

Na ulikuwa umetia?

#20 Mdau, Dar es Salaam

Punje 6.